Kulegeza Mwili Uliokaza

Kama mgongo wako hauumi leo, simama kidogo kabla ya kuendelea. Weka kitabu hiki juu ya kiti. Tenganisha miguu yako kidogo. Sasa inama mbele polepole, mikono ikining'inia kama kamba. Usijisukume. Vidole vya mikono vimefika wapi? Magotini? Kwenye miundi? Au vimegusa ardhi? Pakumbuke hapo vilipofika. Inuka polepole, kaa, tuendelee.

Kama mgongo unakuuma leo, usijaribu. Wewe soma tu, zamu yako itafika.

Kama vidole viliishia magotini, usione haya. Katika vijiji vya Shinyanga na Geita wapo watu wengi wenye nguvu ambao wangeishia hapohapo. Mtu anaweza kulima shamba la pamba kwa jembe la mkono, na bado asiguse vidole vya miguu yake. Mchimbaji anaweza kupandisha viroba vya mawe kutoka duarani tangu asubuhi, na jioni akamwita mtoto amfungue kamba za viatu. Nguvu anazo. Kinachomkosa ni wepesi wa viungo, na wepesi wa viungo hauji wenyewe kwa sababu mtu ana nguvu.

Somo letu ni hilo: namna ya kuulegeza mwili uliokaza kwa njia ya mazoezi yanayoitwa yoga, na namna mtu anavyojifunza kuwafundisha wenzake.

Kazi zetu zinavyotukunja

Tazama kazi ya pamba. Unalima umeinama. Unapanda umeinama. Unapalilia umeinama, na palizi si moja. Hata wakati wa kuchuma unainama. Msimu mzima mgongo unajua upande mmoja tu.

Nenda sasa kwenye machimbo ya Nyarugusu au Rwamgasa, mkoani Geita, au Mwakitolyo mkoani Shinyanga. Mchimbaji anashuka kwenye duara. Huko chini nafasi ni ndogo. Anapiga nyundo akiwa amechuchumaa au amepiga magoti, saa nyingi, bila kunyoosha kiuno. Juu, akina mama wamekaa chini wanaponda mawe. Mkono mmoja ndio unaoinua nyundo. Bega moja ndilo linalofanya kazi. Jua likizama, mama huyo anainuka, na bado kuna maji ya kuchota na ugali wa kusonga.

Mwili una tabia ya kuzoea kile unachoufanyia kila siku. Ukiukunja kila siku, unajifunza kukaa umekunjika. Misuli ya mbele ya nyonga hukaza. Misuli ya nyuma ya mapaja nayo hukaza. Kiuno kiko katikati, kinavutwa huku na huku, ndicho kinacholia.

Wengi husema, "Ni uzee huo." Mara nyingine ni uzee kweli. Lakini nimewaona vijana wa bodaboda wanaoshuka kwenye pikipiki wameshika kiuno kama babu zao. Na nimewaona wazee wa ngoma wanaochuchumaa na kuinuka bila kushika kitu.

Nawataja wazee wa ngoma kwa sababu maalumu. Watu wakisikia habari ya kunyoosha viungo hudhani ni mambo ya mjini. Lakini Wasukuma wana ngoma ya bugobogobo, ngoma ya majembe. Mchezaji hushuka chini, huinuka, huzungusha jembe, hujipinda kiunoni kulia na kushoto, na ngoma haimsubiri. Wapo pia wachezaji wa Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayoshindana tangu zamani. Mwili uliokaza hauwezi kazi hiyo. Basi kulegea kwa viungo si jambo geni kwetu. Ugeni uko kwenye jina la yoga tu, na hata jina hilo utalielewa upesi kama umewahi kulima kwa ng'ombe.

Jina la yoga

Yoga ilitoka India, na ni ya kale sana. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya zamani ya nchi hiyo. Linatokana na neno lenye maana ya kufunga pamoja, kama vile unavyowafunga maksai wawili kwenye nira.

Wewe mkulima unajua kinachotokea nira ikikaa vibaya. Ng'ombe mmoja anavuta mbele, mwingine anabaki nyuma, plau inakwenda kombo na mtaro unapinda. Katika yoga wanaofungwa nira ni mwili na pumzi. Ukiinama huku umebana pumzi, mmoja amemwacha mwenzake. Ukiinama huku unatoa pumzi polepole, wanakwenda pamoja. Kila zoezi utakalofanya, jiulize kwanza: pumzi yangu iko wapi?

Hapa pana swali ambalo huulizwa kila mahali, nalo lijibiwe wazi. Je, yoga ni dini? Yoga ilikua ndani ya imani za India, hasa Uhindu, na huko wapo wanaoitumia kama ibada. Leo watu wengi wa dini nyingine huchukua mazoezi ya viungo na ya pumzi peke yake, kama mtu anavyokwenda kucheza mpira. Viongozi wa dini hawajakubaliana. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu wa nchi hiyo yoga yenye ibada na maneno ya Kihindu. Mwaka 2017 serikali ya Saudi Arabia iliiruhusu yoga kuwa mchezo kama michezo mingine. Wapo wachungaji wanaoikataa na wapo waumini wao wanaoifanya. Kama jambo hili linakusumbua, zungumza na kiongozi wako wa dini. Mazoezi yaliyo katika somo hili hayana wimbo, sala wala sanamu. Ni kuinama, kunyooka na kupumua.

Tarehe 11 Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba kila mwaka tarehe 21 Juni iwe Siku ya Yoga Duniani. Ilianza kuadhimishwa mwaka 2015.

Ndama na kamba

Umewahi kumfunga ndama kamba na kumvuta kwa ghafla? Anakita miguu. Ukizidi kuvuta, naye anazidi kukita. Ukilegeza kamba kidogo, ukasimama, ukamvuta taratibu, anaanza kukufuata.

Misuli yako ni kama ndama huyo. Ndani yake kuna mishipa ya fahamu inayoulinda mwili. Ukiuvuta msuli kwa ghafla, mishipa hiyo inapeleka taarifa ya hatari, na msuli unajikaza ili usichanike. Ukiuvuta polepole, ukatulia hapohapo huku unapumua, ile taarifa ya hatari inapungua. Msuli unaachia kidogo. Kesho unaachia kidogo tena. Anayerukaruka akiinama, akitaka vidole viguse ardhi leo leo, anapigana na mlinzi wake mwenyewe.

Jambo hili lilimpata mtu aliyekuja kuwa mmoja wa walimu wakubwa wa yoga duniani. Jina lake ni B.K.S. Iyengar. Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India. Mwaka huo homa kali ya mafua ilikuwa inaua watu dunia nzima. Mtoto huyo alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alipokuwa kijana alikwenda kuishi kwa shemeji yake, T. Krishnamacharya, mume wa dada yake, ambaye alikuwa mwalimu wa yoga katika mji wa Mysore. Mwili wa kijana ulikuwa mkavu na mgumu. Hakuna aliyetazamia kwamba angefika mbali.

Siku moja, mbele ya watu, shemeji alimwamuru afanye zoezi la kutanua miguu, mmoja mbele na mwingine nyuma, mpaka akae chini kabisa. Kijana hakuwahi kulifanya. Akatafuta udhuru, akasema kaptura yake inambana. Mwalimu akaagiza uletwe mkasi, kaptura ikakatwa pembeni. Kijana akatii, akashuka. Misuli ya nyuma ya paja ikachanika. Ulipita muda mrefu sana kabla hajatembea vizuri tena.

Mwaka 1937 Iyengar alikwenda mji wa Pune kufundisha. Alikuwa bado hajatimiza miaka 19. Huko alifundisha mamia ya watu, wakiwemo wagonjwa na wazee. Akaona kwamba si kila mwili unaweza kufika pale ambapo mwili wa mwalimu unafika. Akaanza kutumia vifaa: vipande vya mbao vyenye umbo la tofali, mikanda, kamba, viti na mablanketi. Mtu asiyefikia ardhi huwekewa tofali, akashika hilo. Ardhi inakuwa imemfuata yeye. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1966 na kimesomwa nchi nyingi. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Yule mtoto mgonjwa!

Nimeeleza habari hiyo kwa kirefu kwa sababu nataka uikumbuke siku mtu atakapokukanyaga mgongo akikwambia, "Vumilia, utalegea."

Anza na haya

Huhitaji nguo maalumu wala fedha. Unahitaji mkeka, kanga moja au kitenge, tofali moja, na dakika 15. Wakati mzuri ni jioni, baada ya kazi, mwili ukiwa bado una joto. Usifanye ukiwa umeshiba. Ngoja kama saa 2 baada ya kula. Alfajiri mwili huwa mkavu zaidi, kwa hiyo ukitaka kufanya asubuhi, tembea kwanza.

Kwanza ni pumzi. Lala chali, magoti juu, nyayo chini. Weka mkono juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua polepole, tumbo liinuke. Toa hewa polepole zaidi, tumbo lishuke. Fanya hivyo mara 10. Kama unaishi machimboni, sikia neno hili: usifanye zoezi la pumzi karibu na karasha linapotoa vumbi, wala karibu na mahali wanapochoma zebaki. Nenda mbali, upande upepo unakotoka. Kuvuta pumzi nyingi mahali pachafu ni kujijaza uchafu mwingi.

Kisha piga magoti, viganja chini, kama mtoto anayetambaa. Ukitoa pumzi, inua mgongo juu kama paka aliyeshtuka. Ukivuta pumzi, shusha tumbo chini, kifua kitokeze mbele, kama mgongo wa ng'ombe mzee. Wahindi nao huliita zoezi hili paka na ng'ombe. Nenda na kurudi mara 8 hivi, bila haraka. Baada ya hapo rudisha makalio nyuma yakalie visigino, paji la uso lishuke kuelekea mkeka, mikono mbele. Hilo huitwa zoezi la mtoto. Magoti yakiuma, weka kitenge kilichokunjwa kati ya mapaja na miundi. Paji la uso lisipofika chini, liweke juu ya tofali lililofunikwa kanga.

Sasa lala kifudifudi. Weka viganja chini ya mabega. Inua kichwa na kifua kidogo tu, kwa nguvu ya mgongo zaidi kuliko ya mikono. Kitovu kibaki chini. Hilo ni zoezi la nyoka. Wewe uliyeinama msimu mzima, hili ni lako, kwa sababu linakupeleka upande ambao jembe halikupeleki. Likileta maumivu makali kiunoni, shuka, inua kichwa tu. Mama mjamzito asilifanye.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kanga. Lala chali. Pitisha kanga kwenye unyayo wa mguu mmoja, shika ncha zake mbili. Mguu mwingine ukunje goti, unyayo chini. Inua mguu wenye kanga juu, goti likiwa limelegea. Vuta kanga kidogo mpaka uone nyuma ya paja panavutika. Hapo simama. Usiongeze. Vuta na utoe pumzi 5 za polepole. Huenda ukaona mguu wenyewe unasogea kidogo bila kuvutwa. Badili mguu. Zoezi hili linafaa kuliko lile la kuinama tulilojaribu mwanzoni, kwa sababu mgongo umelala chini na haubebi mzigo wowote.

Utajuaje umevuta kiasi cha kutosha? Tazama uso wako na pumzi yako. Ukiona umekunja uso, umeuma meno, au pumzi imekatika, umepita mpaka. Rudi nyuma kidogo. Kuvutika kunafanana na kunyoosha mwili baada ya usingizi. Maumivu ya kuchoma kama kisu, au ganzi inayoshuka mguuni, ni kitu kingine. Acha mara moja.

Mwisho lala chali, mikono pembeni, macho umeyafumba, dakika 3 au 4. Watu wazima wengi huona aibu kulala hivi mchana. Usiache. Mwili unapata nafasi ya kutulia.

Fanya mara 3 kwa juma. Chukua daftari lako, andika tarehe, kisha andika vidole vilifika wapi siku ya kwanza. Uandike tena kila baada ya majuma 2. Usitazamie ajabu katika siku 3. Mgongo uliokunjwa kwa miaka 20 haunyooki kwa siku 3. Lakini daftari litakuonyesha kile ambacho macho yanasahau.

Je, madaktari wanasemaje? Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Kilishauri waganga waanze na njia zisizo za dawa, na yoga ilikuwa mojawapo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani nalo liliyaweka mazoezi kati ya njia linazozishauri kwa maumivu hayo. Hakuna aliyesema kwamba yoga huponya kila kitu. Haiondoi vumbi la mawe lililokwisha kuingia mapafuni. Haiondoi sumu ya zebaki. Na kama mpini wa jembe lako ni mfupi kuliko unavyohitaji, yoga haitaurefusha. Badili mpini.

Mgongo wa kupelekwa hospitali

Sehemu hii isomwe kwa sauti darasani, kisha aliyeelewa amweleze asiyekuwepo.

Maumivu mengi ya kiuno hutokana na kazi na hupungua. Lakini yapo ambayo hayataki mazoezi, yanataka daktari. Ukianguka kutoka juu, au ukaangukiwa na mwamba au matimba duarani, usinyooshwe na mtu. Mguu ukipata ganzi au ukiishiwa nguvu, nenda. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukigoma kutoka, nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kuna kingine ambacho watu wa machimbo wanapaswa kukijua zaidi. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinaweza kuingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Anayevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi yuko katika hatari zaidi ya kupata kifua kikuu. Basi mgongo ukiuma majuma mengi, usiku hauachi, tena una homa, unatoka jasho usiku na unakonda, usiutafutie mazoezi wala mtu wa kuukanda. Nenda kituo cha afya, waeleze yote hayo kwa pamoja, na uwaambie kwamba unafanya kazi ya machimbo. Wanaweza kukupeleka hospitali ya mkoa, au Bugando kule Mwanza. Kifua kikuu cha mgongo kina dawa. Kikicheleweshwa kinaweza kupindisha uti wa mgongo na kupoozesha miguu.

Ukitaka kufundisha

Tuseme umefanya mwaka mzima. Daftari lako linaonyesha vidole vimetoka magotini vikafika kwenye vifundo vya miguu. Jirani ameona, anasema, "Nifundishe na mimi." Utakubali?

Mwonyeshe ulichofanya, hakuna ubaya. Lakini kumwonyesha jirani na kuwa mwalimu ni mambo mawili. Wewe unaujua mwili wako tu. Mwalimu hujifunza kuusoma mwili wa mtu mwingine, kama wewe ulivyojifunza kusoma herufi. Mwanzoni uliona mistari tu. Baadaye ukaona neno. Yule anayejifunza kufundisha naye mwanzoni anaona mtu ameinama tu. Baadaye anaona kwamba mtu huyo amepinda mgongo badala ya nyonga, goti la kulia linakwepa maumivu, na pumzi imesimama.

Mafunzo ya aina hiyo yapo Afrika Mashariki. Mwaka 2007 chama kinachoitwa Africa Yoga Project kilianzishwa Nairobi. Mmoja wa waanzilishi, Paige Elenson kutoka Marekani, alikuwa matembezini Kenya alipowaona vijana wa sarakasi wakisimama kwa mikono. Akajiunga nao kucheza, na baadaye wakamwomba awafundishe yoga. Chama hicho kikaanza kufunza vijana kuwa walimu. Wengi walitoka mitaa ya watu maskini ya Nairobi, na walirudi kufundisha hukohuko mitaani, shuleni na magerezani.

Kipimo kinachotumika sana duniani kwa mafunzo ya kwanza ya ualimu wa yoga ni saa 200. Kiliwekwa na chama cha Marekani kinachoitwa Yoga Alliance. Ni kipimo cha chama, si sheria ya serikali. Hebu tufanye hesabu. Kama mnakutana mara 2 kwa juma, na kila mara saa 2, mnapata saa 4 kwa juma. Saa 200 gawanya kwa 4 ni majuma 50. Huo ni karibu mwaka mzima. Katika saa hizo mtu hujifunza mifupa na misuli, namna ya kupanga somo, namna ya kusema maneno machache yanayoeleweka, na hufundisha wenzake huku mwalimu akimtazama. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba atakupa cheti cha ualimu kwa siku 2 ukilipa leo, shika fedha yako.

Sisi Watanzania tuna mfano wetu wa uvumilivu katika kazi ya mwili. Mwaka 1965 serikali iliwapeleka vijana China kujifunza sarakasi. Walikaa huko miaka 4. Waliporudi, mwaka 1969, kikundi cha taifa cha sarakasi kikaanza. Kikundi hicho hakipo tena. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo, na sarakasi ikawa moja ya masomo yake. Tangu mwaka 2007 chuo hicho kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kwa mtu wa Shinyanga au Geita, Bagamoyo ni mbali. Karibu zaidi, huko Malya, Wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo. Hicho hufunza walimu wa michezo. Kijana anayetaka kazi ya kufundisha mwili anaweza kuanza kwa kuuliza huko juu ya masomo na ada, kisha akaongeza yoga baadaye. Njia hiyo ni ndefu, lakini mwalimu wa michezo anayeijua yoga atapata kazi upesi kuliko mwalimu wa yoga asiyejua kingine.

Nasema habari ya kazi kwa sababu wapo vijana wanaodhani yoga ni utajiri wa haraka. Mjini wapo wanaolipa. Kijijini utalipwa kuku, au asante. Wengine watakuja wakitaka uponyaji, na hapo ndipo penye mtihani. Mama mmoja atakuja ameshikilia kiuno, anakohoa, amekonda, ana fedha mkononi. Utazipokea umlaze kwenye mkeka? Mwalimu aliyesoma atamwambia, "Mama, leo hatufanyi mazoezi. Twende kituo cha afya." Na atamsindikiza.

Lipo pia jambo la kugusa. Usimshike mtu kabla hujamwuliza, na akikataa usimwulize mara ya pili. Kwa akina mama ni vizuri afundishe mama, au waonyeshwe kwa macho tu bila kuguswa. Usimkalie mtu mgongoni. Usimvute mikono. Mkono wa mwalimu unaelekeza, hausukumi.

Siku ya kwanza chukua watu wachache, 6 au 8, ili uweze kuwaona wote. Fagia uwanja, uangalie mawe na miba. Waulize mmoja mmoja, kando, wasikiwe na wengine: unaumwa nini, umewahi kuanguka, una mimba, unatumia dawa gani? Waambie kila mmoja anaweza kuacha wakati wowote bila kuomba ruhusa. Kisha anza na pumzi.

Bila shaka atakuwepo mzee ambaye hawezi kukaa chini kwenye mkeka. Atasimama pembeni na fimbo yake, akisema amekuja kutazama tu. Mletee kigoda. Kiweke karibu na ukuta kisiteleze, akae, nyayo zote mbili ziguse ardhi, fimbo aiweke chini. Mwambie avute pumzi, ainue mikono mpaka pale inapotaka kufika, atoe pumzi, aishushe.

"Ni hivyo tu?" atakuuliza.

Mjibu, "Ndiyo, mzee. Mara 5, polepole."